Siyo maringo, ni ugonjwa

Juzi baada ya kazi tuliingia hotelini hapa Kakuma. Dada mmoja wa kikundi chetu akaagiza wali na maharage, akaanza maswali: sufuria gani, mafuta gani, mchuzi umetiwa unga? Mhudumu akasema "hamna shida". Sisi tukamcheka, eti anachagua chakula kambini. Siku mbili hakutoka nyumbani. Kumbe mchuzi ulikuwa umefanywa mzito kwa unga wa ngano.

Tulikosea kumcheka. Ana seliaki. Gluteni, ile protini ya kwenye ngano na shayiri, inafanya mwili wake ushambulie utumbo wake mwenyewe. Dawa ya kuuponya haipo, ni kuacha vyakula hivyo maisha yote. Na tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kupima watoto 990 wa Saharawi kwenye kambi za wakimbizi kule Algeria: karibu 6 katika kila 100 walikuwa nao.

Chakula salama kipo hapa: ugali wa mahindi, wali, viazi, mayai. Shida iko jikoni. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya mandazi na sambusa. Kijiko kinatoka kwenye tambi kinaingia kwenye wali. Anjera nayo ina mtego wake: teff haina gluteni, lakini ni ghali, kwa hiyo wengi wanaichanganya na ngano. Na moto hausaidii, gluteni siyo kijidudu useme kitakufa.

Mama zetu na kaka zetu wenye hoteli, hatuwaombi mpike vitu vipya. Tunaomba jibu la kweli tu. "Sijui" inatusaidia kuliko "hamna shida". Sisi marafiki tumekubaliana kwenda naye mapema, kabla ya msongamano wa mchana, mpishi akiwa bado na muda wa kuosha sufuria. Mayai anaagiza ya kuchemsha, yaje na maganda yake. Hapo hata sisi hatuna swali.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, kila semina ni chai na mandazi, chai na mandazi! Ndizi na karanga ni vigumu kiasi gani? Mwezi ujao kuna mafunzo ya siku tatu, na dada ameshatuambia atabeba viazi vyake kwenye mfuko.