Programu moja, mawe matatu ya mizani

Pale mwaloni Ggaba hakuna mnunuzi wa sangara atakayekubali kila muuzaji aje na jiwe lake la kupimia. Ajabu ni kwamba jambo hilo hilo tunalikubali kwenye programu za kompyuta zinazotukadiria ushuru.

Kazi yangu ni kuandika programu, hapa hapa Ggaba. Hivi karibuni mfanyabiashara mmoja wa mpakani aliniletea programu aliyouziwa, niikague. Ilikuwa na vifurushi vitatu: cha gharama za stoo, cha ushuru na cha risiti. Kila kimoja kilikuwa na majaribio yake, yaani msimbo unaopima kama hesabu ni sahihi, na kila kimoja kilikuwa na nakala yake ya mzigo wa mfano. Nakala ya stoo ilijua kwamba tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha asilimia 35 kwa bidhaa kama samani na nguo. Ile ya ushuru ilibaki na asilimia 25, kiwango cha juu kilichoanza mwaka 2005. Na majaribio yote yalipita, kwa kuwa kila kifurushi kilijipima kwa jiwe lake! Kwa samani za dola 4,000 tofauti ni dola 400, na anayezitoa mpakani si aliyeandika programu.

Kwa maoni yangu, mizigo ya mfano ikae katika kifurushi kimoja cha majaribio, vingine viazime. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambayo ndiyo msingi wa UgandaEMR, hutoa misimbo saidizi ya majaribio katika faili la pembeni. Moduli huliazima wakati wa kupima tu, haliendi hospitalini.

Wapo wenzangu wanaotupia humo kila kitu. Nawapinga. Kifurushi kikigeuka gunia, ukigusa kimoja vinaanguka kumi. Jaribio la kuchapisha risiti libaki kwenye risiti. Kinachostahili kuazimwa ni viwango pamoja na tarehe zake (Kenya ilishusha VAT hadi asilimia 14 Aprili 2020, ikairudisha 16 Januari 2021), na mifano migumu kama ya mrejeaji mwenye vyombo alivyovitumia ughaibuni, ambavyo husamehewa ushuru, vikiwa kontena moja na viti vipya vya kuuza.

Ndugu msomaji, kabla hujalipa, mwambie kijana akuonyeshe hiyo 35 imeandikwa mahali pangapi kwenye majaribio yake. Akifungua faili tatu, mrudishie.