Spotify imeleta muziki wa ubora kamili, je, ununue DAC mpya?

Septemba 2025, Spotify ilianza kuwapa wateja wa Premium muziki usiopunguzwa ubora, kwenye zaidi ya nchi 50. Apple Music ilishafanya hivyo tangu 2021. Sasa wapenzi wa muziki wanaulizana: spika ipo, amplifaya ipo, kilichobaki ni DAC?

Kwanza, DAC ni nini?

Muziki kwenye simu au kompyuta ni namba tupu. Spika haielewi namba, inataka umeme unaopanda na kushuka. Kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme huo ndicho DAC. Na tayari unayo: iko kwenye kompyuta, kwenye TV, hata ndani ya spika yako ya Bluetooth.

Biashara iko wapi?

Wauzaji watakwambia DAC hii ina sauti "ya joto", ile ina "uhai". Lakini kazi ya DAC ni kama ya mkalimani: aseme kilichosemwa, asiongeze chumvi.

Na uaminifu huo unapimika. CD, yenye biti 16, ina takriban desibeli 96 kati ya sauti ya juu kabisa na kelele ya chini. DAC nyingi za leo zinafika hapo au kupita, hata za bei ndogo. Kile kiwaya cha Apple cha USB-C, cha dola 9 Marekani, kilipopimwa na Audio Science Review kilivishinda vifaa vya bei kubwa mara nyingi zaidi. Shida yake ni nguvu tu: kinatoa kama volti 1, wakati DAC za mezani kwa kawaida hutoa 2. Utaongeza sauti kidogo kwenye amplifaya, basi.

Mbona watu wanasikia tofauti?

Mara nyingi ni hiyo hiyo nguvu. Kinachopiga juu kidogo, sikio hukiona kizuri zaidi. Ukilinganisha DAC mbili bila kusawazisha sauti, unalinganisha volyumu.

Halafu kuna imani. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity ilikiri kwamba santuri zake nyingi, zilizosifiwa na mashabiki wa analogi, zilipitia hatua ya kidijitali. Wasikilizaji wazoefu walizifurahia kwa miaka bila kushtuka.

Ununue au usinunue?

Kama kompyuta yako inaleta mvumo au mikwaruzo kwenye spika, DAC ya nje ya USB ina maana. Tafuta yenye vipimo vilivyochapishwa na volti 2 kwenye matundu ya RCA. Kama unasikiliza kwa Bluetooth, usihangaike: spika inatumia DAC yake ya ndani, na Bluetooth ya kawaida hubana muziki upya njiani.

Unapenda sauti ya joto? Si dhambi. Tumia ekwalaiza, ni bure na inazimika. DAC inayopaka rangi itaipaka kila wimbo, upende usipende.

Pesa inayobaki, peleka kwenye spika na chumba. Zulia, pazia zito na kuzisogeza spika mbali na kona vitabadilisha unachosikia kuliko DAC yoyote ya bei ya pikipiki.