Mkutano wa mpakani uanzie mpakani

Saa 3:00 asubuhi mjini Arua ni saa 2:00 asubuhi Aru, upande wa Kongo. Ni saa 2:00 pia Kaya, upande wa Sudan Kusini, tangu Juba iliporudisha saa zake nyuma mwezi Februari 2021. Barua ya mwaliko inayosema "saa 3:00 kamili" bila kutaja ni saa ya nchi gani imekwisha kumpoteza mgeni kabla hajatoka nyumbani kwake. Atafika kwa saa yake, na atakuta kikao kina saa nzima tangu kifunguliwe.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini hasara yake si ndogo. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, na jirani yake Koboko ziko mahali ambapo nchi tatu zinakutana. Ni sahihi kabisa mikutano ya ushuru, usafirishaji na usalama wa njia ifanyike huko. Lakini kwa mama anayeuza vitenge Ariwara au kijana anayepeleka unga Yei, siku mbili za mkutano ni siku mbili za soko zilizopotea. Akikwama kizuizini au akifika mchana, maafisa watakuwa wamekwisha kukubaliana juu ya bidhaa anazobeba yeye, na atarudi nyumbani na posho ya nauli tu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuondoa karatasi. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Hata hivyo, mpango wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ulioanza mwaka 2014 ulikuwa wa Uganda, Kenya na Rwanda. Mgeni wa kutoka Aru au Yei aje na pasipoti au hati ya kusafiria. Mazoea ya kuvuka kwenda sokoni asubuhi na kurudi jioni bila maswali mengi hayamfai mtu anayelala ugenini siku tatu. Mwandaaji naye aandike barua yenye jina la mgeni kama lilivyo kwenye hati yake, tarehe za mkutano, mahali atakapolala na namba ya simu ya mtu atakayempokea. Barua ya namna hiyo humwokoa mgeni na madalali wa mpakani wanaouza "msaada" usiohitajika.

La pili ni kadi ya homa ya manjano, ambayo Uganda inaitaka kwa anayeingia. Chanjo hiyo huhesabiwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo mwaliko unaotumwa siku tatu kabla ya kikao hauna faida kwa asiyechanjwa. Tena, tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinaitambua kadi hiyo kwa maisha yote ya mwenye nayo. Anayeambiwa kadi yake imepita miaka 10 na kwamba alipie nyingine ana haki ya kukataa kwa adabu.

Njia nayo ielezwe. Anayetoka Kampala ana karibu kilomita 500 kupitia Karuma na Pakwach, na afadhali afike siku moja kabla. Anayetoka Aru huingilia Vurra, na anayetoka Yei huingilia Oraba. Lami inaunganisha vituo hivyo viwili kupitia Arua na Koboko. Kwa anayetoka Juba, barabara ya Yei si ya kuikimbilia bila kuuliza hali ya usalama. Wengi huzunguka kwa Nimule, na wakishika njia ya Adjumani kuna kivuko cha Laropi. Saa zake ziulizwe mapema. Dereva mgeni akumbuke kwamba Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia, lakini Uganda ni kushoto. Uchovu wa safari na upande usiouzoea ni mchanganyiko wa hatari, na bodaboda za Arua hazimngoji mtu ajifunze.

Kuhusu fedha, shilingi za Uganda za nauli na chakula cha siku ya kwanza zitafutwe kabla ya kufika ukumbini, na zibadilishwe kwenye duka lenye leseni, si kwa mtu anayekimbilia dirisha la gari. Dola zilizochanika au za matoleo ya zamani hukataliwa au hupunguziwa bei. Anayebeba sampuli za bidhaa aziandike na kuzitangaza forodhani. Mfuko usiotangazwa hauna tofauti na magendo machoni pa afisa.

Limebaki suala la lugha. Kilugbara kinasemwa Arua na Aru, na Kikakwa kinasemwa katika nchi zote tatu. Sokoni watu hawa wanaelewana kwa lugha hizo, kwa Kiswahili na kwa Kilingala. Wakiingia ukumbini wanakabidhiwa makabrasha ya Kiingereza, na mgeni wa Kongo aliyesoma kwa Kifaransa hubaki akitazama picha. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Mahali pa kuanzia kukitumia ni kwenye mwaliko wenyewe.

Yote haya yanaenea kwenye karatasi moja: saa ya nchi gani, hati zipi, chanjo lini, njia ipi, fedha gani, nani wa kumpigia simu. Iandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa, itumwe wiki tatu kabla, na ibandikwe Vurra na Oraba. Wafanyabiashara nao, kupitia vyama vyao, wasikubali mwaliko usio na karatasi hiyo bila kuidai.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. West Nile itanufaika na wageni wake pale tu watakapofika kwa wakati na wakiwa na nguvu ya kusema lililowaleta.