Ndani ya Vazi Kuna Mtu



Shule zikifungwa, baadhi ya familia zetu hufunga safari. Wapo wanaoteremka Dar es Salaam kuwaonyesha watoto bahari na michezo ya maji kule Kunduchi. Wapo wanaovuka hadi Unguja. Na wapo ndugu zetu wanaoishi ughaibuni, ambao huwapeleka watoto katika zile bustani kubwa za burudani tunazoziona katika televisheni. Jambo hilo ni jema. Mtu anayefanya kazi anastahili kupumzika, na mtoto anastahili kucheka pamoja na wazazi wake. Juma hili napenda tumtafakari mtu mmoja tunayekutana naye katika matembezi hayo bila kumfikiria: yule anayevaa vazi ili sisi tufurahi. Hoja yangu ni moja. Kiingilio tunacholipa hununua onyesho, hakimnunui mwonyeshaji. Mgeni asiyelitambua hilo humtesa mwenzake huku akidhani anacheza.

Tuanze mbali, mahali ambapo kazi hii imekuwa biashara kubwa. Tangu Disneyland ilipofunguliwa huko California mwaka 1955, watu wamekuwa wakiajiriwa kuvaa maumbo ya panya Mickey, bata Donald, mbwa Pluto na wenzao. Vazi ni zito, kichwa ni kikubwa, na anayekivaa haruhusiwi kusema neno. Akikanyagwa, akivutwa mkia au akishikwa mahali pasipostahili, uso ule wa bandia unaendelea kucheka. Watoto wanaona kicheko, na hakuna anayeona machozi yaliyo ndani.

Mambo waliyolazimika kudai wafanyakazi hawa yanashangaza. Hadi mwaka 2001, wale wa Walt Disney World, Florida, walikuwa wakipokezana nguo za ndani zinazovaliwa chini ya maumbo hayo. Zilifuliwa na kampuni, na kesho yake zikapewa mtu mwingine. Baadhi walilalamika kwamba wameambukizwa chawa na upele. Ilibidi chama chao cha wafanyakazi kikae mezani na mwajiri ndipo kila mmoja akapata nguo zake mwenyewe. Mwaka 2004, huko huko Florida, mfanyakazi aliyekuwa amevaa umbo la Pluto alifariki dunia baada ya kukanyagwa na gari la maandamano ya burudani. Mwanzoni mwa mwaka 2020 magazeti yaliandika habari za wafanyakazi watatu, waliovaa maumbo ya Mickey, Minnie na Donald, waliotoa taarifa kwamba wageni waliwashika isivyostahili au kuwaumiza. Yule wa Mickey aliumia shingo baada ya mwanamke mmoja kumpigapiga juu ya kichwa cha bandia. Na mwezi Mei mwaka 2024, wale wa California walipiga kura ya kujiunga na chama cha waigizaji, kura 953 dhidi ya 258. Miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa usafi wa mavazi na usalama wao mbele ya wageni.

Msomaji aweza kusema, “Padre, hayo ni ya Marekani.” Basi turudi nyumbani. Sisi tunaoishi Kwakoa, katika tambarare iliyo chini ya Milima ya Pare, tunalijua jua la saa saba mchana. Hebu fikiri umejifunika blanketi mbili, umevishwa kichwa cha sponji chenye tundu mbili ndogo za kuchungulia, kisha unaambiwa ucheze muziki kwa saa nzima. Katika miji yetu wapo vijana wanaofanya kazi hiyo. Huvaa midoli mikubwa wakitangaza bidhaa mbele ya maduka au wakichangamsha sherehe za watoto. Mtoto akimpiga teke mdoli, wakubwa hucheka na kuinua simu zao wapige picha. Ni vigumu kuamini kwamba wakubwa hao hao wangecheka kama mtoto angempiga teke mpita njia aliyevaa shati na suruali.

Hali kadhalika wapo majirani zetu Wamasai. Vijana wengi wa kimorani wamevuka kwenda Zanzibar kutafuta riziki. Huko hulinda hoteli, huuza shanga ufukoni, na jioni huruka ngoma yao mbele ya wageni wanaokula. Shuka ambayo nyumbani ni nguo ya kawaida, kule inakuwa vazi la kazi. Wapo wageni wanaomheshimu kijana huyo, wakamsalimu na kumwuliza jina lake. Wapo pia wanaompiga picha bila kumwomba na kumgusa nywele kana kwamba ni sanamu ya mpingo iliyowekwa sokoni. Mwenye kijana wake huko na ajiulize: je, angependa aguswe hivyo?

Katika nchi jirani ya Kenya kulikuwa na mfano ambao wanazuoni wameuandika kwa kirefu. Katika Bonde la Ufa, familia moja ya walowezi wa Kiingereza, Mayers, ilikuwa na maonyesho ya Wamasai kwa ajili ya watalii. Wageni walitembezwa katika manyatta, wakatazama morani wakiruka, kisha wakaketi bustanini kunywa chai. Wachezaji walikatazwa kuvaa saa za mkononi na fulana au kuonekana na vyombo vya plastiki, kwa sababu mgeni alitaka kumwona Mmasai wa kale asiyeguswa na dunia ya leo. Edward Bruner na Barbara Kirshenblatt-Gimblett walichapisha makala juu ya jambo hilo mwaka 1994, wakati ambapo serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuyasitisha maonyesho hayo kwa kuona kwamba yananuka ukoloni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kucheza ngoma mbele ya wageni ni aibu. Bomas of Kenya, kituo kilichoanzishwa na serikali jijini Nairobi mwaka 1971, kimewalea wachezaji mahiri wanaojifunza ngoma za makabila mengi na kuzionyesha kama sanaa na taaluma. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam nacho hutuonyesha nyumba na ngoma za watu wetu. Kumfurahisha mwenzako ni kazi halali, na pengine ni miongoni mwa kazi bora. Ubaya unaanza pale anayetazama anapoacha kuona mtu na kuona kitu.

Tabia hiyo ina mizizi mirefu, na sisi Waafrika hatuna haki ya kuisahau. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliwasafirisha Wakongo 267 hadi Ubelgiji, akawaweka katika vijiji vya maonyesho huko Tervuren, karibu na Brussels. Watu zaidi ya milioni moja walikwenda kuwatazama. Wageni waliwatupia vitu vya kula, hata waandaaji wakalazimika kuweka tangazo kwamba watu hao hulishwa na kamati. Saba walifariki katika majira hayo ya baridi na mvua. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo. Zaidi ya miaka sitini baadaye, katika maonyesho makubwa ya Brussels ya mwaka 1958, Wakongo waliwekwa tena katika kijiji cha kutazamwa. Wageni waliwadhihaki na kuwarushia ndizi, na Wakongo wale wakaondoka kabla maonyesho hayajafungwa. Hao waliorusha ndizi hawakuwa majambazi. Walikuwa baba na mama waliotoka na watoto wao siku ya mapumziko, wamelipa kiingilio, wamevaa nguo zao nzuri. Ndiyo maana historia hii inatuhusu sote.

Wapo watakaosema kwamba mfanyakazi amechagua mwenyewe kazi hiyo, tena analipwa. Ni kweli kwamba analipwa, lakini analipwa kwa ajili ya kucheza na kusalimia. Mshahara wake haujumuishi mateke wala mikono michafu. Aidha, mtu mwenye watoto wa kusomesha mara nyingi hachagui kazi, huipokea ile iliyopo. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwa mtu anayeifanya. Kwa hiyo hakuna kazi, hata ya kuvaa mkia wa panya, inayomshusha mtu chini ya wale wanaomtazama.

Ule msemo wa maduka yetu kwamba mteja ni mfalme unafaa ukutani tu. Kama kanuni ya maadili haufai. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha utafiti juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba tabasamu lao lilikuwa sehemu ya kazi waliyoiuza, na kwamba kuuza tabasamu kila siku huchosha moyo kama jembe linavyochosha mgongo. Mabinti zetu wanaohudumu hotelini wanalijua hilo bila kusoma kitabu. Ulimwengu nao umeanza kulitambua: Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, unataka yaangaliwe hata maovu yatokayo kwa watu wa nje, wakiwamo wateja. Mwajiri hawezi kuosha mikono akisema, “Aliyekuumiza ni mgeni.” Anapaswa kuweka muda mfupi wa kuvaa vazi, maji ya kunywa, vazi safi, mwenzake wa kumsindikiza yule asiyeona vizuri, na ruhusa ya kuondoka anapodhalilishwa bila kukatwa ujira.

Na sisi wageni je? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo imempa mgeni kazi ya kufanya: ujio wake uwe nafuu kwa anayempokea. Kabla ya safari, mzazi amweleze mtoto kwamba ndani ya mdoli yule kuna kaka au dada wa mtu, na kwamba anamsalimia kwa mkono na kumwambia asante. Mtoto akiogopa, asisukumwe mbele ili tupate picha. Tunapotaka kumpiga mtu picha, tuombe kwanza, na akikataa tukubali. Katika arusi zetu pia, mpiga tarumbeta na mcheza ngoma wapewe maji na chakula kama wageni wengine, si makombo nyuma ya jiko. Na tukiona mtu mzima akimdhalilisha mchezaji, tumkemee kwa upole lakini kwa sauti inayosikika, kwa sababu aliyevaa vazi hawezi kujisemea.

Wapendwa, tunajua kwamba Samsoni aliletwa mbele ya Wafilisti awachezee baada ya kung’olewa macho. Tunajua pia kwamba askari walimvika Bwana wetu vazi la zambarau na taji la miiba, wakapiga magoti wakicheka. Kwao alikuwa burudani ya zamu ya kazi. Hawakumtazama usoni. Sisi tunaoisoma habari hiyo kila mwaka Ijumaa Kuu hatuna udhuru wa kutomtazama usoni mtu yeyote aliyevishwa vazi kwa ajili ya kicheko chetu.

Nawatakia mapumziko mema na Dominika njema.