MAONI: Gari la umeme bila kitabu cha fundi linageuka mzigo

Watu wengi wanasema kwamba gari la umeme halina matengenezo. Halina vidanje ya mota, halina bujii, halitoi moshi. Hayo ni kweli. Lakini kutoka hapo kusema kwamba halihitaji fundi ni kudanganya watu. Sisi wakaaji wa mashariki mwa DRC, ambao magari yetu mengi yanatufikia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hilo.

Tuchukue mfano wa gari moja linalojulikana: Tesla Roadster, gari la mwendo kasi la watu wawili. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuwapa wanunuzi mwaka 2008 na kuacha kulitengeneza mwaka 2012. Yalitoka karibu 2.450 tu. Betri yake ina uzito wa kilo 450 hivi, na ndani yake mna seli ndogo 6.831, za namna ile iliyokuwa ikitiwa ndani ya ordinatera za kubeba. Ikijaa, gari lilipokuwa jipya liliweza kutembea zaidi ya kilomita 390.

Seli hizo zilitengenezwa kwa lithiamu na kobalti. Kobalti nyingi inayochimbwa duniani inatoka kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Ndiyo maana habari ya gari hili si ya matajiri wa California pekee.

Je, gari kama hilo linatunzwaje? Freni zake zinadumu, sababu dereva akiachilia pedali, mota yenyewe inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Lakini mapine yanaisha, hasa ya nyuma. Maji ya kupoza betri yanapaswa kuangaliwa. Sanduku la elektroniki linaloongoza umeme linapozwa kwa hewa, kwa hiyo vumbi likijaa kwenye feni zake, linapata joto kupita kiasi. Mtu wa Goma au Bunia anajua vumbi ni kitu gani.

Kubwa zaidi ni betri. Mwaka 2012 habari zilienea Marekani kuhusu Roadster kadhaa zilizokufa kabisa. Wenyewe walikuwa wameziegesha muda mrefu bila kuziunganisha na umeme, betri zikashuka mpaka sifuri, na hazikuweza kuchajiwa tena. Kununua betri nyingine kulikuwa kwa bei ya dola 40.000 hivi, na garanti haikulipa. Kampuni ilijibu kwamba ni kazi ya mwenye gari kuliacha limeunganishwa na umeme. Sasa fikiria jibu hilo katika mtaa ambao umeme unakatika siku tatu mfululizo.

Miaka ilivyopita, piesi zikawa za kutafuta. Betri ya Roadster imegawanyika katika sehemu 11. Mafundi wachache wa garaje za binafsi walijifunza wenyewe kuifungua na kutengeneza sehemu iliyoharibika peke yake, badala ya kutupa betri nzima. Ni katika mwezi wa Novemba 2023 tu ndipo Tesla ilipoweka michoro na nyaraka nyingi za gari hilo kwenye intaneti, kila mtu azisome bure. Ilikuwa imepita miaka 15 tangu magari ya kwanza yatoke. Tajiri mwenye magari mengine matatu anaweza kungojea. Mwenye teksi wa Bukavu, anayelisha watoto kwa gari moja, hawezi.

Wapo wanaotetea kampuni. Wanasema umeme wa betri hiyo unafikia volti 375 hivi, na fundi asiyejua akigusa pabaya anakufa. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake ni kumfundisha fundi na kumpa glavu na vyombo vinavyofaa. Kumficha kitabu hakumlindi. Kwetu gari halitupwi kwa sababu kitabu kimekosekana: fundi atalifungua tu, awe anajua au hajui. Anayefungua bila kujua ndiye atakayekufa.

Wengine watauliza: tuko katika vita, barabara ni mashimo, umeme hautoshi, kwa nini tuzungumze magari ya umeme leo? Ninaelewa swali lao. Lakini hapo karibu, Kigali, pikipiki za umeme zinabeba abiria kila siku. Nchi tajiri zinapobadilisha magari yao, ya zamani hayapotei, yanatafuta soko la bei nafuu. Soko hilo tunalijua, ni sisi. Yakifika kabla ya mafundi kuwa tayari, tutabaki na makaburi ya betri kando ya barabara.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanawezekana. La kwanza, mtu anayeingiza chombo cha umeme ili akiuze alazimishwe kukabidhi kitabu cha matengenezo kwa Kifaransa na karatasi inayoonyesha hali ya betri. Forodha inajua kuomba karatasi nyingi, iombe na hiyo.

La pili, shule zetu za ufundi zianze kufundisha umeme wa volti kubwa wa magari. Tangu mwaka 2022 kuna kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ni jambo jema, lakini kisiishie kwa mainjinia. Kijana wa garaje aliyemaliza shule ya msingi tu naye apate mafunzo ya miezi michache.

La tatu linahusu madini. Tangu mwisho wa mwaka 2018 kobalti imewekwa kisheria katika madini ya kimkakati, na mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuisafirisha inje, kisha ikaweka viwango vya mauzo. Maana yake tunaweza kuweka masharti. Kila mara mazungumzo yanakwenda kwenye bei na kodi. Tuombe pia elimu: kampuni zinazotaka kobalti yetu zitoe vitabu vya kutengeneza betri zao na zifundishe mafundi wetu.

Wenye Roadster walingoja miaka 15 kupata karatasi za gari lao wenyewe, na walikuwa na pesa na wanasheria. Sisi tuna kobalti. Tuitumie kuomba karatasi hizo sasa, kabla magari hayajafika.