Elektrodi za sponji na barafu ya Chula

Somalia ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 4, 2024, Jumuiya ilipata pia visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, Chula kikiwa kimojawapo. Huko Kiswahili hakihitaji kampeni. Kibajuni ni lahaja yake. Kinachohitajika ni nishati, na kwenye mjadala wa nishati sasa imeingia hewa ukaa.

Tangu miaka ya 1980, kwa kazi ya Yoshio Hori wa Japani, wanakemia wanajua kwamba umeme ukipitishwa kwenye maji yenye hewa ukaa, metali ya elektrodi ndiyo huamua kinachotoka. Shaba hutoa methani na ethilini. Fedha hutoa kaboni monoksaidi, malighafi ya kutengenezea mafuta. Shida ilikuwa kasi, kwani bamba laini lina nafasi ndogo ya kufanyia kazi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walichanganya fedha na alumini, wakaiondoa alumini kwa asidi, ikabaki fedha yenye vitundu kama sponji. Takriban asilimia 92 ya umeme ilizalisha kaboni monoksaidi, kwa kasi ya zaidi ya mara 3,000 ya fedha ya kawaida.

Lakini vitundu havifuti hesabu ya umeme. Kuigeuza hewa ukaa kuwa mafuta ni kurudisha nguvu yote iliyotoka yalipochomwa, na ziada inayopotea kama joto. Mtambo huo una maana penye umeme nafuu usiotokana na makaa, na hewa ukaa iliyokolea. Kenya inavyo vyote: jotoardhi ya Olkaria, na hewa ukaa inayochimbwa Kereita, Kiambu. Ziwa Kivu nalo limejaa gesi hiyo, na methani yake inaendesha mtambo wa megawati 26 upande wa Rwanda tangu 2016.

Chula kina jua na bahari. Mvuvi asiye na barafu hupangiwa bei na mnunuzi, popote pwani. Kumpelekea paneli za jua zitengeneze mafuta ya mashine kutokana na hewa ukaa ni kupoteza sehemu kubwa ya umeme njiani, na mashine nayo ipoteze tena. Paneli zile zile zingegandisha barafu moja kwa moja, leo, kwa vifaa vinavyouzwa tayari Mombasa.