Deni kwa Raia Mwema

Jeshi la Polisi linapotangaza kukamatwa kwa mhalifu aliyekuwa akitafutwa, mara nyingi husema kwamba lilipata taarifa kutoka kwa raia mwema. Jina lake halitajwi, na ni haki lisitajwe. Lakini siku ya kutangazwa ikishapita, raia mwema huyo hutoweka pia katika fikra zetu. Hatuulizi kama lile donge nono lililoahidiwa amelipokea, wala kama analala kwa amani, wala silaha zilizotumwa kwa neno lake zilitumikaje. Katika toleo hili tunapenda kuyauliza hayo, kwa kuwa tunaamini kwamba dola inapoahidi mbele ya watu hujifunga kwa deni kama mtu mwingine yeyote, na deni lenyewe si la fedha peke yake.

Tunajua wapo waamini wanaosita kabla hata ya kufika hapo. Je, kupokea fedha kwa kumtaja mtu si kazi ya Yuda? Jibu letu ni fupi. Yuda alimtoa asiye na hatia mikononi mwa watu waliotaka kumwua. Anayemtaja mwuaji ili afikishwe mahakamani huokoa damu ya wengine, na akipewa fedha kwa ajili ya hatari aliyoibeba hajamwuza mtu. Angalieni lakini kwamba jibu hilo lina sharti ndani yake: afikishwe mahakamani. Sharti hilo haliko mikononi mwa mtoa taarifa, bali mikononi mwa wale aliowaamini.

Tuchukue mfano wa jirani zetu. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani iliahidi hadi dola milioni 5 kwa taarifa zitakazowezesha kukamatwa kwa Félicien Kabuga, tajiri wa Rwanda aliyetuhumiwa kugharimia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na ambaye ilisadikiwa kwamba alikuwa amejificha nchini Kenya. Mkenya mmoja kijana, mwandishi wa habari na mfanyabiashara, alikubali kuwasaidia wapelelezi kumnasa. Januari 2003 mwili wake ulikutwa nyumbani kwake Karen, Nairobi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba amejiua. Ndugu zake hawakukubali. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kuwalinda mashahidi. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2006, miaka mitatu baada ya mazishi.

Nani, baada ya habari ile, angethubutu kufungua kinywa? Mabilioni yalikuwa mezani, lakini mwenye kuyataka aliona kaburi pembeni yake. Kabuga alikuja kukamatwa tarehe 16 Mei 2020 huko Asnières-sur-Seine karibu na Paris, alikokuwa akiishi kwa jina la bandia. Kesi yake ilianza The Hague Septemba 2022, na mwaka 2023 ikasimamishwa kwa sababu akili yake ilikuwa imedhoofika kwa uzee na maradhi. Wafiwa wa Rwanda wakakosa hukumu waliyoingojea karibu miaka 30. Hatusemi kwamba kifo cha kijana yule peke yake ndicho kilichochelewesha haki. Tunasema kwamba fedha bila ulinzi ni mtego, na wa kwanza kunaswa ni maskini.

Hata pale ambapo ulinzi upo, ahadi yenyewe yaweza kuvunjwa kwa maneno madogo madogo. Februari 2013, huko Los Angeles, Marekani, polisi wa zamani aliyekuwa amefukuzwa kazi, Christopher Dorner, aliua watu wanne kwa kisasi. Lilitangazwa donge la dola milioni 1, lililochangwa na miji, mashirika na watu binafsi. Siku chache baadaye mke na mume aliokuwa amewafunga kamba nyumbani mwao walifanikiwa kupiga simu, na msako ukaishia katika kibanda cha mlimani, ambamo Dorner alikufa. Ndipo baadhi ya waliochanga wakakumbuka kwamba tangazo lilisema "kukamatwa na kutiwa hatiani". Maiti haiwezi kutiwa hatiani! Mji wa Riverside ukaondoa dola 100,000 ulizokuwa umeahidi. Kwetu huo ni ujanja wa mwenye duka, si uaminifu wa serikali. Mtoa taarifa alitimiza sehemu yake. Kama mtuhumiwa alikufa kabla ya kufikishwa kizimbani, kosa si lake.

Hata hivyo lipo la kujifunza. Uamuzi wa nani alipwe haukuachwa kwa polisi, bali walikabidhiwa majaji watatu wastaafu. Hao waliwapa mke na mume wale asilimia 80, mtu aliyeliona gari la Dorner likiwaka moto asilimia 15, na dereva wa gari la kuvuta magari, aliyemwona mtoro mapema, asilimia 5. Waweza kubishana na hesabu hiyo, lakini ilitolewa hadharani, na na watu wasio na maslahi ndani yake.

Katika msako huohuo, siku tatu kabla ya donge kutangazwa, polisi walifyatua risasi zaidi ya 100 kwenye gari la mama mzee na binti yake waliokuwa wakisambaza magazeti alfajiri. Gari lao lilikuwa la buluu; lililotafutwa lilikuwa la kijivu, tena la aina nyingine. Wote wawili walinusurika, na mji ukawalipa dola milioni 4.2, yaani zaidi ya mara nne ya donge lenyewe. Polisi wanane walionekana kukiuka taratibu za kikosi chao, lakini hawakushtakiwa mahakamani. Fidia ililipwa na walipa kodi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa mikononi mwa polisi Dar es Salaam, na umma ukaambiwa kwamba ni majambazi. Tume iliyoundwa na Rais Jakaya Kikwete, chini ya Jaji Kipenka Mussa, ilibaini kwamba hawakuwa majambazi. Mtu akikumbuka hayo, halafu akamwona mgeni anayemtilia shaka katika nyumba ya jirani, dhamiri yake itamwuliza swali gumu: nikitoa taarifa, atakamatwa au atauawa? Ukimya wa watu wetu, ambao viongozi huuita kutokushirikiana, wakati mwingine ni dhamiri hiyo.

Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, nayo inazungumzia pia zawadi na fidia. Ni hatua njema, lakini sheria isiyojulikana vigangoni haimlindi mtu. Tunawaomba viongozi wa walei na kamati za haki na amani waisome pamoja na wanajumuiya, wakimwalika mwanasheria awaeleze. Na polisi watakapokuja katika mkutano wa kijiji au mtaa kuomba taarifa za watoro, waulizwe kwa adabu mbele ya watu wote: jina la mtoa taarifa litajulikana kwa nani, donge litalipwa lini, na kwa uamuzi wa nani, mtuhumiwa akifa, ahadi itasimama? Na risasi ikimpata asiyehusika, malalamiko yapelekwe wapi, nje ya kituo kilekile? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala yake ibaki kwa wananchi.